Kuiandaa Nyumba ya Msimu Kabla ya Kuifunga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wenye nyumba wanazokaa kwa sehemu tu ya mwaka, kisha wakazifunga na kuziacha bila mtu kwa wiki kadhaa au miezi. Majibu yote yanafuata kanuni moja: kitu chochote kinachohitaji jicho la mtu ili kiwe salama kisiachwe kikifanya kazi mahali ambapo hakuna mtu wa kukitazama.

Ni kitu gani hasa huharibu nyumba iliyofungwa?

Wengi huwafikiria wezi kwanza, na kwa sababu hiyo hutumia siku ya mwisho kukagua makufuli na madirisha. Makufuli yana kazi yake, lakini maji huharibu nyumba nyingi zaidi bila kelele yoyote. Chukua mfano wa bomba linalovuja matone chini ya sinki. Nyumba ikiwa na watu, mtu ataona majimaji sakafuni siku hiyohiyo, atafunga koki na kumwita fundi. Nyumba ikiwa tupu, matone hayohayo yataloanisha kabati mpaka mbao zivimbe, yatapenya chini ya vigae, yataotesha kuvu ukutani na kuwaita mchwa. Hitilafu ni ileile ndogo. Kilichoongezeka ni muda uliopita kabla mtu hajaiona. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandalizi inahusu kuondoa maji, unyevu na moto, na sehemu ndogo tu inahusu milango.

Nianze maandalizi lini?

Anza angalau wiki mbili kabla ya kuondoka. Kazi za fundi, kama kubadilisha koki iliyochakaa au kuziba paa linalovuja, hazifai kuachwa mpaka siku ya mwisho, kwa kuwa unahitaji siku chache za kuishi na matengenezo hayo na kuhakikisha kwamba yameshika. Muda huo pia unatosha kumaliza vyakula vilivyomo kwenye friji na kukausha nguo vizuri.

Je, inatosha kufunga koki kuu ya maji?

Haitoshi, ingawa ndiyo hatua ya kwanza. Ukiifunga koki kuu, maji yaliyokwisha kuingia kwenye mabomba hubaki humo. Fungua koki iliyo juu kabisa ndani ya nyumba ili hewa iingie, kisha fungua iliyo chini kabisa ili maji yatoke, na uvute choo mpaka tangi lake libaki tupu. Mpira unaopeleka maji kwenye mashine ya kufulia ufungwe kwenye koki yake na kuondolewa, kwa sababu mipira hiyo huchakaa na kupasuka ghafla.

Wenye tangi la maji juu ya paa au kwenye mnara wanapaswa kukumbuka kwamba koki kuu iliyo karibu na mita haizuii maji ya tangi. Tangi likiwa limejaa, lita zote zilizomo zinaweza kushuka ndani ya nyumba kupitia bomba moja lililopasuka, hata kama maji kutoka nje yamefungwa. Funga koki ya kutokea chini ya tangi, au limwage kabisa na ulifunike vizuri.

Kabla ya yote hayo, pima kama kuna uvujaji usiouona. Funga koki zote za ndani, andika namba zilizo kwenye mita, kaa saa mbili bila mtu yeyote kutumia maji, kisha usome tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna maji yanayopotea mahali fulani, na mara nyingi sana chanzo ni tangi la choo ambalo boya au kizibo chake hakifungi sawasawa. Ipime pia koki kuu yenyewe: ukiwa umeifunga na mabomba yamekwisha kukauka, lakini koki ya chini bado inadondosha, basi imechakaa ndani na inapaswa kubadilishwa kabla hujaondoka.

Mabomba yakishakauka, ninapendelea koki za sinki na bafu zifungwe tena mahali pasipo na baridi ya kugandisha. Mtu akifungua koki kuu kwa bahati mbaya wakati haupo, maji hayatamwagika sakafuni.

Hita ya maji ishughulikiwe vipi?

Zima umeme au gesi yake kwanza, acha maji yapoe, ndipo uyamwage. Mpangilio huu ni wa lazima, kwa kuwa koili ya hita ya umeme ikiwaka bila kuzungukwa na maji huungua kwa muda mfupi sana. Utakaporudi, fuata mpangilio wa kinyume: jaza tangi mpaka maji yatoke kwenye koki ya moto bila kukatizwa na hewa, ndipo uwashe.

Na kama nyumba iko mahali ambapo maji huganda?

Maji yanapoganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba lililojaa halina nafasi ya kuupokea upanuzi huo. Mara nyingi mpasuko hauonekani wakati wa baridi yenyewe, kwa sababu barafu huuziba. Nyumba hufurika siku ya joto, barafu inapoyeyuka. Katika maeneo hayo mabomba yanapaswa kumwagwa yote, na fundi mwenye kompresa anaweza kuyapuliza ili matone yaliyobaki kwenye kona yatoke. Koki ziachwe wazi ili barafu yoyote itakayobaki ipate pa kupanukia.

Maji yanayobaki kwenye kona za mabomba ya sinki na kwenye choo hulindwa kwa kumimina kizuia-kuganda kilichotengenezwa kwa propilini glaikoli, ambacho ndicho kinachofaa kwa mabomba ya nyumbani. Kile cha magari mara nyingi huwa na ethilini glaikoli, ambayo ni sumu kali kwa watu na wanyama, na kisitumike ndani ya nyumba kamwe.

Wengine huchagua kuacha mfumo wa kupasha joto ukiendelea kwa nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Njia hiyo hufanya kazi mpaka siku umeme utakapokatika au mafuta yatakapokwisha, na siku hiyo ndiyo huwa ya baridi kali kuliko zote. Ukiichagua, yafunge na kuyamwaga maji hata hivyo.

Kwa nini nyumba hunuka maji machafu baada ya miezi michache, ilhali niliiacha safi?

Ukichungulia chini ya sinki utaona bomba la kutolea maji limepinda mfano wa herufi U. Katika pindo hilo hubaki maji kidogo wakati wote, na maji hayo ndiyo kizuizi pekee kati ya chumba chako na shimo la maji taka. Choo nacho kina pindo la namna hiyo, na hata kitundu cha sakafu ya bafu kinalo. Nyumba ikikaa bila kutumika, maji hayo hukauka polepole, kisha harufu, mende na hata panya hupata njia ya kupandia.

Dawa yake ni rahisi. Hakikisha kila pindo lina maji safi, kisha mimina juu yake vijiko vichache vya mafuta mepesi ya madini, ambayo hukaa juu ya maji na kupunguza kasi ya kukauka. Mafuta ya kupikia husaidia pia, ila huchacha yakikaa muda mrefu. Ziba matundu ya sinki na sakafu kwa vizibo vyake, funika choo, na ukumbuke vitundu vilivyosahaulika, kama kile kilichoko stoo ambacho hakijapata maji tangu mwaka uliopita.

Je, nizime umeme wote?

Kama hakuna kifaa kinachopaswa kufanya kazi, zima swichi kuu. Kama unahitaji kuacha kamera, taa ya nje au kengele ya tahadhari, zima breka za sehemu nyingine zote na uache ile moja tu. Kazi hii huwa nyepesi iwapo kila breka imeandikwa jina la chumba inachohudumia. Kama bado, iandike sasa, kwa kuwa atakayekuja kukagua nyumba hataweza kukisia.

Kuzima kwa swichi hakutoshi kwa televisheni, ruta na kompyuta, kwa sababu radi ikipiga karibu inaweza kupitisha umeme mwingi kwenye nyaya na kuruka hata swichi iliyozimwa. Chomoa plagi zenyewe, pamoja na waya wa antena. Toa betri kwenye rimoti, saa na tochi, kwani betri kuukuu huvuja na kula vyuma vya ndani.

Wenye umeme wa jua wasiache betri za asidi na risasi bila chaji. Betri hizo hupoteza chaji zenyewe kila mwezi hata zisipotumika, na zikikaa tupu huharibika kabisa. Ziache zimejaa na zikiendelea kuchajiwa kupitia kidhibiti chake, baada ya kuwa umezima matumizi yote ya ndani.

Friji iachwe ikiwaka au izimwe?

Izimwe, na isiwe na chochote ndani. Iyeyushe barafu yote, ioshe, ikaushe, halafu uache milango yake wazi kwa kuiwekea taulo lililokunjwa ili isijifunge. Friji iliyozimwa na kufungwa huota kuvu ndani ya siku chache, na harufu yake hunasa kwenye plastiki na kwenye mpira wa mlango kiasi kwamba haitoki tena. Usisahau trei ndogo ya kukusanya maji iliyo nyuma au chini ya friji nyingi. Imwage na kuikausha.

Kama kuna sababu isiyoepukika ya kuacha friza ikifanya kazi, gandisha kikombe cha maji, kisha weka sarafu juu ya barafu yake. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama ndani au iko chini ya kikombe, utajua kwamba barafu iliyeyuka na kuganda tena, na kwamba vyakula vilivyomo havifai kuliwa, hata kama sasa ni vigumu kama mawe.

Gesi ya kupikia je?

Funga valvu ya mtungi yenyewe, wala usitegemee swichi ya jiko, kisha uondoe regyuleta. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hujikusanya chini, kwenye mashimo na kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Mtungi usimame wima mahali penye hewa, ikiwezekana nje ya nyumba.

Nitazuiaje kuvu na harufu ya uvundo?

Kuvu huhitaji unyevu, kitu cha kula kama mbao, karatasi, ngozi au vumbi, na hewa isiyotembea. Nyumba iliyofungwa ina vyote vitatu. Kitu kilicholowa kinaweza kuanza kuota kuvu ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo taulo moja bichi iliyosahaulika bafuni inatosha kuanzisha tatizo la chumba kizima. Lengo ni kuufanya unyevu wa hewa ubaki chini ya asilimia 60, na kipimo kidogo cha unyevu hukuonyesha hali ilivyo.

Usipige deki asubuhi ya kuondoka. Watu hupenda kuiacha nyumba iking'aa, lakini maji yanayobaki kwenye maungio ya vigae na chini ya mazulia hufungiwa ndani pamoja na hewa. Fanya usafi mkubwa siku mbili kabla, kisha fungua madirisha mpaka kila kitu kikauke kabisa.

Sogeza makabati na makochi kutoka kwenye kuta za nje kwa sentimita 5 hadi 10, kwa maana ukuta wa nje ndio hubadilika joto zaidi na unyevu hutua nyuma ya samani bila kuonekana. Magodoro yasimamishwe kwa ubavu. Milango ya makabati na ya vyumba iachwe wazi ili hewa izunguke, na matundu ya hewa yenye wavu yasizibwe. Samani zifunikwe kwa shuka za pamba, kwa sababu nailoni huzuia vumbi lakini hunasa unyevu. Viatu na mikoba ya ngozi ifutwe na kukaushwa. Ikiwezekana uondoke nayo.

Chembechembe za kufyonza unyevu zinafaa kwa kabati moja, lakini chumba kizima ni kikubwa mno kwake. Zile za kalsiamu kloridi hugeuka kuwa majimaji ya chumvi yanayokula vyuma, kwa hiyo ziwekwe ndani ya beseni pana. Mashine ya kukausha hewa ina nguvu zaidi, ila kopo lake hujaa na mashine hujizima. Haina maana katika nyumba tupu isipokuwa mpira wake umeelekezwa kwenye tundu la kutolea maji na mtu anapita kuitazama.

Panya na wadudu niwazuie kwa njia gani?

Panya mdogo wa nyumbani anaweza kupenya kwenye tundu la milimita 6 hivi, yaani unene wa penseli, na mimba yake huchukua takriban wiki tatu tu. Panya wawili walioingia wiki ya kwanza wanaweza kuwa familia kubwa utakaporudi, wakiwa wametafuna nyaya na kufanya magodoro kuwa viota. Zunguka nyumba kwa nje ukiwa na tochi, hasa mahali mabomba na nyaya zinapoingia ukutani na chini ya milango. Jaza matundu kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha uzibe kwa saruji. Povu au plastiki peke yake hutafunwa.

Sishauri kuacha sumu. Panya aliyekula sumu hufia ndani ya ukuta au dari, ambako hakuna wa kumtoa, na bundi au paka anayemla hudhurika pia. Mitego nayo haifai isipokuwa kuna mtu wa kuikagua.

Vyakula vyote vya nafaka, unga, biskuti na hata chakula cha mbwa viondolewe, kwa kuwa fukusi na nondo wa nafaka hutoboa mifuko. Vitakavyobaki viwe kwenye chupa za kioo au makopo ya bati.

Kuhusu mchwa, ondoa kuni na mbao zilizoegemezwa ukutani, kisha tafuta njia zao nyembamba za udongo kwenye msingi. Ukiziona, mwite mtaalamu kabla hujaondoka. Kama hakuna, fagia msingi uwe safi ili njia mpya itakapotokea iwe rahisi kuonekana.

Nje ya nyumba kuna nini cha kufanya?

Safisha mifereji ya paa kwanza. Majani yaliyoziba mfereji hurudisha maji ya mvua chini ya mabati au vigae, na kutoka hapo hushuka ndani ya ukuta. Kata matawi yanayogusa paa. Vitu vyepesi vinavyoweza kurushwa na upepo, kama viti vya plastiki na vyungu vya maua, viingizwe ndani.

Geuza au funika kila chombo kinachoweza kushika maji. Katika hali ya joto mbu hukamilisha safari yake kutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10, na baadhi yao huhitaji maji machache tu, kama yale yanayotuama kwenye tairi kuukuu. Bwawa la kuogelea lisimwagwe lote bila ushauri wa fundi, kwa sababu maji ya ardhini yanaweza kulisukuma bwawa tupu kwenda juu na kulipasua.

Rangi, mafuta na kemikali zihifadhiwe wapi?

Petroli isiachwe ndani. Matambara yaliyotumika kupaka mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta ni hatari zaidi kuliko wengi wanavyodhani, maana mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na matambara yaliyorundikwa yanaweza kuwaka yenyewe bila cheche. Yatandaze nje mpaka yawe makavu na magumu, au yaloweke ndani ya kopo la bati lenye maji na kifuniko mpaka yatupwe.

Je, ninahitaji mtu wa kuiangalia nyumba?

Ndiyo, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu hakuna maandalizi yanayoona mti uliouangukia ukuta wiki ya tatu. Mtu anayepita kila wiki au kila wiki mbili, na tena baada ya kila mvua kubwa au upepo mkali, hupunguza muda wa hitilafu kutoka miezi hadi siku.

Usimwambie tu, "Tafadhali niangalizie nyumba." Tembea naye chumba kwa chumba kabla hujaondoka. Mwonyeshe koki kuu na umwache aifunge na kuifungua mwenyewe. Mwonyeshe swichi kuu, valvu ya gesi na mlango wa darini. Mwombe aingie ndani badala ya kutazama kutoka getini, anuse hewa, aguse ukuta ulio chini ya paa, aangalie chini ya sinki na aongeze maji kwenye vitundu vya sakafu. Mwachie karatasi yenye namba za mafundi, na mkubaliane kiasi cha fedha anachoweza kutumia bila kukusubiri, maana paa likibomoka usiku hapaswi kusita kwa kuogopa kuulizwa baadaye.

Ufunguo wa akiba ukae kwake, usiwe chini ya zulia la mlangoni au chungu cha maua. Nyasi zilizokatwa na barua zisizorundikana mlangoni huficha kwamba nyumba haina mtu, na taa moja yenye kipima muda husaidia. Picha za safari yako ni vyema zikasubiri mpaka urudi ndipo uzitume kwenye mitandao ya kijamii.

Bima yangu itaendelea kunilinda?

Soma mkataba kabla ya kuondoka. Mikataba mingi hupunguza au kusitisha sehemu ya fidia nyumba ikikaa tupu kwa siku mfululizo kupita idadi fulani, mara nyingi 30 au 60, na mingine hudai kwamba maji yafungwe au nyumba ikaguliwe mara kwa mara. Iarifu kampuni ya bima kwa maandishi, hifadhi jibu lake, na upige picha za kila chumba siku ya kufunga, zikionyesha pia koki iliyofungwa na namba za mita. Hati za nyumba na vitu vya thamani visiachwe humo.

Nikirudi, nianze na nini?

Fungua mlango na usimame kwanza unuse. Ukihisi gesi, usiguse swichi yoyote. Fungua mlango na madirisha, toka nje, na uite msaada ukiwa mbali. Hali ikiwa salama, ruhusu hewa ipite kwenye vyumba vyote kabla ya kuwasha umeme, ukiangalia nyaya zilizotafunwa.

Maji yafunguliwe polepole, koki kuu kidogo kidogo, huku mtu mwingine akizunguka kutazama maungio. Maji yaliyokaa kwenye mabomba yanaweza kukuza bakteria wa lejionela, ambao hustawi kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi na huambukiza mtu anapovuta mvuke au matone madogo ya maji hayo. Kwa hiyo ondoa kichwa cha bafu la manyunyu, acha maji ya kila koki yatiririke kwa dakika kadhaa bila kurusha matone, na upashe hita mpaka nyuzi 60 kabla ya mtu yeyote kuoga. Kichwa cha bafu na vichujio vidogo vya midomo ya koki vioshwe kabla ya kurudishwa.

Nimekuta kinyesi cha panya. Nifagie?

Usifagie wala kutumia mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu vumbi la kinyesi na mkojo uliokauka linaweza kubeba virusi vya hanta. Acha hewa ipite kwa angalau nusu saa, vaa glavu za mpira, kisha loanisha eneo lote kwa mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu 9 za maji. Subiri dakika 5, futa kwa karatasi, tia kila kitu kwenye mfuko uliofungwa, na unawe mikono kwa sabuni baada ya kuvua glavu.